Yai la Mti

Jumatatu ya Pasaka tunapanda makaburini,
Otari na chupa ya divai, mimi na kikapu
cha mayai niliyoyachemsha na mizizi ya rangi
kama ulivyonielekeza: moto mdogo, na usifunuefunue.
Vidole vyangu vimebaki vyekundu.
Vyako havikuwahi kutakata hadi Mei.

Kutoka hapa juu mji wote unaonekana,
umebanwa korongoni kama barua mfukoni,
nyaya zimekatiza mto, mlima hadi mlima.
Vigari viliondolewa zamani.
Zimebaki nyaya tu, na kunguru.

Miaka ishirini na sita ulikuwa bibi wa kigari namba nne:
ukifunga mlango, ukipiga kengele,
ukiwavusha wachimba madini hewani,
wakirudi weusi, meno tu yakiwaka.
"Pandeni, malaika," ukiwaambia,
"mbingu ya leo ni kopeki tatu."
Hata mzee Vazha, aliyenuna tangu azaliwe,
alilipa nauli mara mbili ili aambiwe tena.

Nakumbuka siku umeme ulipokatika.
Tukaning'inia katikati, mto chini, mawingu jirani,
watu kumi na mmoja na jogoo wa Makvala.
Nilikuwa na miaka saba, nimeishika sketi yako kwa meno.
Mmoja akaanza kusali. Mwingine akaanza kumlaani mkurugenzi.
Wewe ukatoa mfukoni mbegu za alizeti,
ukazigawa mojamoja kama mali ya urithi,
ukasema atakayetema ganda mbali zaidi nje ya dirisha
ndiye atakayeshuka wa kwanza.
Saa tatu nzima, deda, tulitema.
Umeme uliporudi watu walinung'unika:
Vazha alikuwa anaongoza.

Otari anasema zilikuwa saa mbili, na jogoo alikuwa bata.
Otari hakuwepo. Alikuwa kitandani na surua.
Ulimsimulia usiku uleule, umekaa kwenye miguu yake,
na kwa ajili ya mgonjwa ukamgeuza jogoo kuwa bata
kwa kuwa bata ndiye ndege pekee uliyeweza kumwiga.
Basi na awe bata.
Mimi nina jogoo wangu, naye ana bata wake.

Tunakumiminia divai. Tunagonganisha mayai.
Langu linapasuka.
La pili linapasuka. La tatu.
Namtazama Otari, naye anautazama mlima
kama mtu anayehesabu miti.

Kila Pasaka ulitushinda.
Mayai ya mtaa mzima yalivunjika mbele ya lako,
ukayala yaliyoshindwa, kwa chumvi,
ukisema siri ni kuku wenye tabia njema.
Nasi miaka nenda miaka rudi tuliwalisha kuku mahindi ya kuchagua
kwa ajili ya uongo ule.
Hospitalini, mwezi wako wa mwisho,
ulimwita Otari, ukamnong'oneza kitu;
nikadhani ni mambo ya shamba, au ya jeneza.
Kumbe ulikuwa unamrithisha yai.

"Lete hapa, mwizi."
Ni jepesi. Rangi imebanduka ubavuni,
na pana alama za meno:
kuna mshindwa aliyewahi kudai haki yake.

Naliweka juu ya udongo wako libingirike kidogo,
ndivyo desturi.
Halikai. Linateremka, linaruka ukingo wa saruji,
linapita kaburi la mkurugenzi, linapita la Makvala,
nasi mbio nyuma yake, watu wazima na mvi zetu,
Otari na chupa mkononi, mimi na kiatu kimoja,
watu wamesimama na mishumaa yao
wakiulizana hawa wanaocheka makaburini
ni watoto wa nani,
na mwanamke mmoja, simjui,
anajibu bila hata kugeuka:
"Wa kigari namba nne."