Lebo

Wenzangu wamekwenda likizo.
Mimi niko Dodoma, ghala la makumbusho,
nanusa naftalini, nahesabu miguu ya panzi.

"Mdudu asiye na lebo ni takataka,"
husema mwalimu Chibehe, kibano mkononi.
Mahali. Tarehe. Aliyekamata.

Droo ya kumi na tisa:
Mpwapwa, 1958, kaletwa na mtoto.

Mtoto gani?
Bibi alituhadithia, tukacheka:
Mzungu wa chupa, panzi mmoja senti tano,
zikaishia kwenye chumvi.

Bawa moja, rangi ya ugoro, limekatika.

Naandika lebo ya pili,
herufi ndogo kama mayai ya chawa,
naichoma chini ya ile ya kwanza:
Labda Matika binti Ndahani.

Chibehe anasoma.
"Labda si sayansi," anasema.
Pini haing'oi.