Lebo Kwenye Kiti

Mimi ndiye mnong'onezaji.
Nakaa nyuma ya pazia la kushoto,
mswada magotini, tochi ndogo mdomoni,
na kazi yangu ni kudaka sentensi zinazomponyoka mtu
kabla hazijagusa sakafu.

Halifax, Novemba. Mvua ya Yorkshire haina adabu,
inaingia ukumbini bila tiketi.
Tunafufua tamthilia ya miaka mia tatu:
mabwana wa nywele za bandia, unga ukiwamwagikia mabegani,
mabibi wanaotukanana kwa kusifiana,
na Bibi Tattersby, aliyefilisika kitambo,
ambaye amekodi kiti kimoja cha hariri
ampokee mchumba wa bintiye,
kisha anamkaribisha mara tatu
huku akiomba kimoyomoyo asikubali kuketi.

Zamani, eti, hapo watu walizimia kwa kucheka.
Kwetu, kimya.
Kimya cha foleni ya daktari wa meno.

Rosalind Akehurst, mwongozaji wetu, hakulala.
Akamtia bibi simu mkononi.
Akamvisha mchumba raba nyeupe.
Kiti akakiacha, akisema, fanicha haichekeshi.
Watu wakacheka, sikatai,
kicheko cha tangazo la sabuni,
povu jingi, halafu pakavu.
Imelda Garside, miaka sabini na miwili, ndiye Bibi mwenyewe.
Alivua wigi akaketi kando yangu.
"Wilf," akasema, "wanaicheka simu.
Mimi nimekuwa mfuko wake."

Alhamisi kiti kikavunjika mguu.
Dunstan wa vifaa akakimbilia duka la fanicha
akarudi na kingine, jasho likimtoka, pazia likifunguka,
na lebo ikining'inia mkononi mwa kiti, nyekundu, kubwa:
LIPA KIDOGO KIDOGO. MIEZI 36.

Imelda aliiona akiwa katikati ya karibu ya kwanza.
Sentensi ikamponyoka.
Nikafungua kinywa niidake.
Nikakifunga.
Maana pepeo lake lilikuwa linashuka,
polepole,
likaifunika ile lebo
kama mtu amfunikaye mtoto aliyelala.

Safu ya tatu, mwanamke mwenye sare ya hospitali
alitoa sauti ndogo, ya puani.
Jirani yake akaijibu.
Kikapanda hicho kicheko, ngazi kwa ngazi, hadi roshani,
na sikukisikia kama kicheko cha leo;
kilikuwa na vumbi la unga wa wigi.

"Keti, bwana." *Usikubali*, ukumbi ukaomba.
"Nakusihi, keti." Mtu akafumba macho.
"Bwana wangu, keti."
Na kijana Tobias Lumb, na raba zake nyeupe,
akainua mikia ya koti
akaketi kwa uzito wake wote.

Lo! Watu mia nne wenye madeni
walipiga yowe moja.
Cha kuazima hakisitiri matako:
walilijua hilo kabla hawajanunua tiketi.

Baadaye Rosalind alikuja, macho mekundu,
akauliza ni ukurasa gani ule, nani aliuandika.
Nikamwonyesha pambizo, kalamu yangu ya risasi:
*Lebo ibaki. Simu itoke.*
Hakusema neno. Alikigusa kiti tu,
kama anayepima kama kina homa.

Jumatatu duka lilipiga simu, linataka mali yake.
Tumeomba miezi thelathini na sita.