Mshale wenye Ncha Mbili

Bi. Mackie ametuma karatasi nyumbani,
imekunjwa mara nne chini ya kopo la chakula,
ina doa la mtindi pembeni:
mzazi na mtoto watengeneze saa, kisha waisome.

Basi tukaketi mezani, mimi na Zuwena.
Nje, Aberdeen imeshaingia giza
na saa kumi haijagonga.
Sahani ya karatasi ilibaki moja, ya sikukuu,
ina maua ya bluu ukingoni.
Mishale tuliikata kwenye boksi la majani ya chai,
pini tuliing'oa kwenye bahasha ya mwenye nyumba.
Akaandika namba, ulimi nje, pua inakaribia wino:
kumi na mbili juu, sita chini,
na tatu akaigeuza, ikatazama ukutani
kama mtoto aliyeadhibiwa.
Nikaiacha.

"Haya, nioneshe saa mbili usiku,
saa ya mswaki."
Akaupeleka mshale mfupi kwenye mbili.
"Hapo umeweka saa nane."
Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
"Bi. Mackie anasema hii ni mbili."
"Kwa Bi. Mackie ni mbili. Kwetu ni nane."
"Na nane?"
"Nane ni mbili."
Friji ikanguruma, ikanyamaza.
"Mama, nani anakosea?"

Nikaanza vizuri, kama mwalimu.
Nikamwambia sisi tunahesabu tangu jua lichomoze;
Tanga nilikozaliwa jua halichelewi kazini,
likishapiga hodi, tunahesabu: moja.
Kisha nikatazama dirisha, nikakumbuka
Desemba ya huku, saa moja ni kiza,
saa mbili ni kiza na mvua,
saa tatu kasorobo ndipo jua linafumbua jicho moja
juu ya bahari ya kijivu,
na saa tisa na nusu limeshavaa koti, linaaga.
Somo langu likanikwama kooni.
Nikainuka kugeuza chapati, ingawa haikuwa imeiva.

Niliporudi alikuwa anapitisha kidole
kukatiza katikati ya sahani:
mbili, nane. Tatu, tisa.
Nne, kumi.
"Mama! Zinatazamana!"
Miaka thelathini na tisa ninasoma saa,
nimechelewa mabasi ya nchi mbili,
na hilo sikuwahi kuliona.

Akadai mkasi. Akadai gundi.
Mshale mfupi akauongeza mkia upande wa pili,
ncha nyekundu ya shule, ncha ya kijani ya nyumbani,
ukizungusha moja, nyingine inafuata yenyewe.
Mshale mrefu hakuugusa.
Dakika, alisema, ni za wote.

Chapati iliungua. Tuliila hivyo hivyo.

Saa tatu usiku nikavaa viatu vya kazi,
nikaenda kupiga deki wodi za watu nisiowajua,
baba yake akabaki na zamu ya hadithi.
Asubuhi nikaikuta sahani mlangoni mwa friji,
kijani kwenye moja, nyekundu kwenye saba,
na chini, kwa herufi zinazoteremka mlima:
MAMA ANARUDI.

Ilikuwa Jumamosi. Sikulala.
Nilikaa na soksi zangu zilizolowa,
naye akaja na blanketi lake, akasimama dirishani
akiishika ile saa kifuani,
hasemi, hataki uji, anasubiri kitu.
Paa la jirani likapata ukingo wa rangi ya chungwa.
Ndipo akausukuma mshale nyuma,
taratibu, kwa kidole kimoja,
hadi kijani ikarudi kwenye moja.

"Sasa," akasema. "Sasa ndiyo saa moja."

Saa ya ukutani ilikuwa na maoni mengine.
Sikuigeukia.
Pini imeshaanza kulegea,
Jumatatu itabidi nitafute bahasha nyingine.