Nusu Tangi

Geji mpya zimekuja na meli ya Ijumaa,
tatu, katika boksi la viatu,
zimeviringwa magazetini kama mayai.
Makame Shaame kaifumua dashibodi ya Morisi
pale Machomane, ubavuni mwa duka la matairi;
ndani makonyo ya karafuu, fyuzi iliyoungua,
na risiti ya petroli isiyosomeka.

"Hii ya mafuta ilikufa lini?"
Sijui. Tangu nipate akili
akrabu yake imelala nusu.
Baba akitoka Wete, nusu. Akifika Mkoani, nusu.
Aombwe gari ya harusi, ya mzazi, ya maiti,
hugonga kioo kwa kidole cha shahada:
"Nusu ipo. Pandeni."
Bwana harusi mmoja aliisukuma hadi juu ya kilima cha Mtambile
na joho lake mwilini.

Makame kaunga waya wa mwisho, kawasha.
Taa za kijani. Spidi kwa kilomita, maili basi.
Akrabu ya mafuta ikatetema, ikapanda kidogo,
ikashuka, ikatulia penye wekundu.
"Sasa angalau unajua."
Nikajua. Dumu nililolituma kituoni
likarudi tupu: foleni, kisha "kesho".

Ile kuukuu nimerudi nayo mfukoni.
Mama kaifuta kwa upindo wa kanga,
kaiweka kabatini, kati ya vikombe vya wageni.

Baada ya isha, hodi: mke wa Mbarouk
kashikwa na uchungu, gari ipo?
Nikafungua mdomo nitaje wekundu, nitaje dumu.
Mama keshanyoosha mkono,
kagonga kioo cha kabati.