Kitufe Kimoja

Mashine ya kwanza ilikuwa na vitufe kumi na viwili,
kioo cha kumetameta, na bei ya mbuzi watatu.
"Hii hunusa dhahabu hata chini ya kitanda cha jini,"
akaapa Shafi, muuza vyuma wa Malindi.
Nikaiinua.
Bega langu, lenye miaka thelathini ya kushona sare za shule,
likaniambia: mama, hapana.

Ya pili, nyepesi kama ufagio wa chelewa.
Kitufe kimoja. Hulia, au hunyamaza.
Nikaipunga mara mia pale pale dukani,
wanunuzi wa misumari wakinicheka,
na mkono usilalamike.
Nikalipa.

Jumatatu, Mayungu, wageni wa jana wamekwenda zao.
Vifuniko vya soda, tisa.
Ndoana.
Ufunguo usio na mlango.
Kisha sauti nyembamba, kama mtoto aombaye ruhusa ya kutoka darasani:
senti kumi ya kikoloni, imeota kutu ya kijani,
tundu katikati.

"Hainunui hata peremende," kasema Dama, mjukuu wangu.

Kweli.
Lakini mimi kitu chenye tundu sikitupi.
Nimeishi kwa kutia uzi.