Kifungu na Kifungo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Fedha,
naitwa Yustina Ruhomvya, mhudumu wa afya, Kata ya Buzebazeba.
Nimeambiwa nina dakika tatu.
Ya kwanza naitumia kuvuta pumzi,
maana nimepanda kilima cha Mwanga kwa miguu:
baiskeli imelala uvunguni,
tairi la nyuma limepasuka tangu Machi
na barua ya tairi ingali mezani kwenu.

Kijana ninayemsemea anaitwa Bukuru.
Aliiba dagaa Kibirizi. Sisemi hakuiba.
Nusu ndoo, kwenye uwanja wa kuanikia wa Mama Nzigo,
mchana kweupe,
na walipomkamata alikuwa amekaa palepale
anatafuna wabichi, pamoja na mchanga.
Mwizi gani hukaa?

Hilo ndilo lililomgusa hakimu.
Akamwita afisa wa uangalizi, afisa akaniita mimi.
Nikafungua kijitabu chake cha kliniki:
kifafa. Vidonge vya mwisho, Novemba.
Dirishani waliandika: hakuna, rudi.
Alirudi mara nne.
Mtaani walisema kapandisha. Mama yake alisema karogwa.
Mimi nikasema: kidonge kimoja, kila usiku, miaka.

Basi akahukumiwa ufagio.
Jumanne na Ijumaa, uwanja wa zahanati,
miezi sita, badala ya Bangwe.
Anafagia, anameza mbele yangu,
ananionyesha ulimi kama mtoto,
naweka sahihi.
Wiki ya tisa Mama Nzigo alikuja kupima presha,
akamkuta, akanuna.
Wiki ya kumi na moja alinuna kidogo.
Sitawadanganya, hajamsamehe.
Ila amemwambia: Pale kwenye kona umeacha.

Sasa mmeniandikia: kifungu hakina fedha.
Niliishia darasa la saba, lakini irabu nazijua.
Kifungu, kifungo,
tofauti ni herufi moja, ya mwisho,
na kijana wangu amesimama juu yake.
Kifungu kikikauka, kifungo kinafungua mlango.
Na kifungo hakikosi fedha, waheshimiwa.
Ugali wa gerezani haujaambiwa usubiri robo ijayo.
Gari la kumpeleka lina mafuta.
Pingu haziombi mfadhili.

Ninachoomba kimo ukurasa wa pili:
tairi moja na mpira wa ndani,
vidonge vya watu kumi na wanne,
fagio tatu, sabuni,
na posho yangu, ambayo niliiandika mwisho,
nikaifuta kwa aibu,
nikairudisha, kwa sababu na mimi nala.

Mjumbe pale nyuma amecheka.
Gharama za wezi, anasema,
na watu wema hawana hata panadoli.
Ni kweli. Hata mimi huniuma.
Jibu zuri sina. Nina dogo tu:
Bukuru hakuanza kuwa mwizi.
Alianza kuwa mtu wa kwenye foleni,
nyuma ya hao hao watu wema,
dirisha likafungwa zamu yake ilipofika.

Dakika zangu zimekwisha. Asanteni.

*

Karatasi waligonga muhuri: IMEPOKELEWA.
Mpango ukafungwa tarehe thelathini Juni.
Afisa wa uangalizi kahamishiwa Kasulu,
kaondoka na ufunguo wa kabati la fomu.

Ijumaa iliyofuata, saa moja asubuhi,
nilisikia ufagio.
Hakuna aliyemwita.
Alifagia hadi kwenye ile kona, akairudia,
akameza, akatoa ulimi.
Kwenye kopo vilibaki sita.
Akaniuliza, sasa nani anasaini?

Nikachukua daftari la hesabu la mwanangu,
nikapiga mstari kwa rula,
nikaandika tarehe,
nikaandika jina,
na mbele ya jina: amefika.