Gia ya Meno Manane

Sanduku nililiona Mwanga, sokoni, siku ya kufungua belo,
chini ya masweta mazito yasiyo na kazi Kigoma.
Muuzaji alidhani ni mabaki ya redio.
"Elfu saba, mama, beba lote."
Mimi, Bukuru,
karani wa mizani bandarini mwaka wa kumi na tisa,
mimi ninayebishana hata na fungu la nyanya,
nilitoa noti nikaondoka kama mwizi.

Nyumbani nilivimwaga kwenye sinia
vikalia vilevile,
kokoto juu ya bati,
sauti niliyoiacha nina miaka kumi na miwili
siku mama aliponitazama kifuani akasema:
basi, sasa shika mwiko.

Vitofali vyekundu, vya kijivu, vyenye matundu ubavuni.
Pini nyeusi hubana. Pini za kijivu huzunguka huru.
Kidole kilijua hilo kabla ya jicho.

Kitabu cha maelekezo hakikuwemo.
Mara ya kwanza mkono wa winchi uliinama
kama anayetafuta ndala gizani.
Mara ya pili ulisimama wima, mpini ukazunguka bure.
Mara ya tatu nikasahau wali jikoni.
Gwimo alikula ukoko wake kimya hadi mwisho,
akanawa, akasema:
"Winchi hii ina ushuru mkubwa."

Hamimu wa jirani akachungulia mlangoni.
Unamtengenezea nani?
Mimi.
Wewe?
Mimi.
Akaenda kuwaambia wenzake.

Zamani tulikuwa na boksi kama hili, mimi na Butoyi, pacha wangu,
tuliachiwa na fundi mgeni aliyekuja kufungua injini ya meli
akapanga chumba chetu cha uani miezi minne.
Gia tulizipaka mawese ili ziteleze.
Asubuhi sisimizi walikuwa wameliteka gari zima,
wengine wamekaa kabisa kwenye kiti cha dereva.

Kisha ile gia ndogo ikapotea, ya meno manane.
Bila hiyo gari lilikuwa na mbio tu,
kizingitini likagoma.
Nilimpiga Butoyi. Akalia, akakana.
Nilimpiga tena kwa kukana.

Sasa ninazo nne, nimezipanga kifunikoni.
Ndogo izunguke mara tatu, kubwa izunguke mara moja,
kasi inaliwa, nguvu inatoka.
Kila siku naliona hilo gatini,
saruji ya Bujumbura ikipanda polepole
huku nami nikisubiri na kalamu,
na sijawahi, hata siku moja, kuinua uso nikafurahi.

Juzi usiku nikampigia, Mpanda.
Tangu kile kiwanja cha baba tulikuwa tunasalimiana kupitia watoto.
Nikamwambia, unaikumbuka ile gia?
Kimya. Nikadhani salio limekwisha.
"Niliimeza," akasema.
Nini?
"Nilikuwa nalamba mawese. Ikateleza."
Miaka thelathini na moja, Butoyi!
"Ungenipiga."
Nilikupiga!
"Ungenipiga zaidi."
Na baadaye, hukuitafuta?
"We Bukuru. Ungekuwa wewe ungetafuta?"

Tulicheka mpaka Gwimo akaamka akauliza nani kafa.
Kiwanja hatukukitaja.

Leo umeme umekatika saa mbili.
Nimetundika taa ya sola kwenye msumari wa kalenda,
uzi nimeufunga kwenye pakiti ya chumvi,
Hamimu kashika kitako cha winchi kwa mikono miwili
na hapumui.
Nazungusha. Gia zinatafuna, tiki, tiki, tiki.
Uzi unakaza.
Boriti inalia kidogo, pini moja inatoka nusu,
nairudisha kwa ukucha.
Chumvi inaachana na meza
upana wa kidole,
vidole viwili,
inajipindua taratibu kwenye mwanga, kivuli chake kikubwa ukutani.

Navuta daftari. Mazoea ya kazi.
Chumvi, naandika, nusu kilo.
Imepanda.